Milima ya Tanzania Imeegeshwa Nairobi

Injini mbili kubwa kuliko zote pale Makumbusho ya Reli Nairobi zina majina ya milima, na hakuna hata mmoja kati ya milima hiyo ulio Kenya. Ya kwanza ni nambari 5918, Mount Gelai. Gelai uko kaskazini mwa Tanzania, karibu na Ziwa Natron. Ya pili ni 5930, Mount Shengena, na Shengena ni kilele cha milima ya Upare. Zunguka kidogo utakutana na 3020 Nyaturu, jina la watu wa Singida, halafu 3123 Bavuma, watu wa visiwa vya Buvuma upande wa Uganda. Ya kwetu ni 2921, Masai of Kenya, na hata hiyo ilibidi iandikwe ni wa Kenya, maana Wamasai wako pande zote mbili za mpaka.

Watu wengi hupiga picha na hizo injini bila kusoma vibao. Sio makosa yao. Injini ya tani 250 hivi, yenye urefu wa zaidi ya mita 30, inakufanya uangalie magurudumu kwanza. Lakini mimi vibao ndivyo vilivyonirudisha pale mara tatu.

Sababu ya majina ni hii. Mwaka wa 1948 reli ya Kenya na Uganda iliunganishwa na ile ya Tanganyika, ikawa shirika moja. Injini haikuwa ya nchi. Leo iko Kampala, wiki ijayo iko Mombasa, na jina lake lingeweza kutoka popote katika nchi zote tatu. Makumbusho yenyewe yalifunguliwa 1971, wakati shirika bado liko pamoja. Miaka sita baadaye, 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Ikawa kama talaka ya watu wenye sufuria nyingi: mabishano ya nani anachukua nini yaliendelea hadi 1984, mgao ulipotiwa sahihi Arusha. Kwa hivyo ukisimama leo kwenye ule uwanja wenye nyasi, kelele za Uhuru Highway zikikujia kwa juu, unaangalia mali ya ndoa iliyokufa. Milima ya Tanzania imeegeshwa Nairobi, na hakuna anayekuja kuidai.

Babu yangu mzaa mama alikuwa faya kwenye hizi injini za milima. Faya, yaani mtu wa moto, msaidizi wa dereva. Nilipokuwa mdogo nilimwazia na koleo akirusha makaa kama kwenye filamu. Akanicheka. Hizi zilichoma mafuta mazito. Kazi ya faya ilikuwa kukaa na valvu, kusoma moshi, na kuangalia maji yasishuke kwenye boila. Moshi mweusi sana, unapoteza mafuta na dereva anakutukana. Ukikosa moshi kabisa, unapoteza mvuke na mlima wa Mazeras unakungoja. Alikuwa anasema Shengena kama vile unavyosema jina la mtu mnayejuana. "Shengena alikuwa na roho nzuri, lakini Gelai, we, Gelai alikuwa na maringo."

Zilitengenezwa 34 za aina hiyo, darasa la 59, na kampuni ya Beyer Peacock kule Manchester, 1955 na 1956. Ni za mfumo wa Garratt: boila moja kubwa katikati, na seti mbili za magurudumu, moja mbele na moja nyuma, ili mashine nzito iweze kupinda kwenye kona bila kuvunja reli nyepesi. Hakuna injini ya mvuke yenye nguvu kuliko hizo iliyowahi kutembea kwenye reli ya upana wa mita moja, popote duniani. Zilivuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi hadi karibu 1980. Babu alikuwa hapo mwisho mwisho, kisha dizeli ikaja na kazi ya mtu wa moto ikaisha pamoja na moto wenyewe.

Sasa fikiria jambo moja kuhusu hivyo vibao vya majina. Miaka ile ya hamsini, injini zilipokuwa zinabatizwa Nyaturu na Bavuma na Masai, kazi na mishahara ya reli ilipangwa kwa rangi. Wazungu juu, Wahindi katikati, Waafrika chini. Kabila lako lingeweza kuandikwa kwa shaba ubavuni mwa mashine kutoka Uingereza, na wewe mwenyewe wa kabila hilo uko chini unafuta grisi. Sijui kama kuna heshima ya ajabu zaidi ya hiyo. Babu hakuwahi kuliona kama tusi. Yeye alisema jina ni jina, hata la mtoto hupewa bila kuulizwa.

Kufika ni rahisi. Ukishukia steji ya Railways, ile yenye mathree za kila upande zinazopiga kelele mpaka usisikie mawazo yako, unazunguka nyuma ya stesheni kuu, unafuata barabara ndogo ya vumbi. Siku hizi ndani ya uwanja kuna vijana wa graffiti waliogeuza mabehewa mabovu kuwa studio. Wazee wengine wanaona ni uharibifu. Mimi naona ndiyo maelezo pekee mapya yaliyoandikwa pale tangu nizaliwe, na ni haki kabisa, maana sanaa ya nganya na sanaa ya reli ni ndugu. Zote mbili ni watu kuandika majina kwenye chuma kinachosonga.

Kila mara niliyokwenda nilikuta wanafunzi wa shule, sare zao zikiwa na vumbi, na kila mara walikuwa wamejazana mahali pamoja: behewa nambari 12. Hili ndilo behewa la simba.

Hadithi yenyewe ni tamu na mwelekezi anaijua ilivyo tamu. Juni 1900, stesheni ya Kima, simba anasumbua. Charles Ryall, mkubwa wa polisi wa reli, anaegesha behewa lake pembeni usiku na wenzake wawili, Huebner na Parenti, wamvizie. Zamu ya Ryall ya kukesha inafika, usingizi unamshika. Simba anaingia kwa mlango wa kusukuma, behewa linainama kwa uzito wake, mlango unajifunga nyuma yake. Parenti amelala sakafuni na simba anamkanyaga ili amfikie Ryall kitandani. Kisha anatoka naye kwa dirisha. Watoto wanapiga kelele. Halafu kuna mmoja lazima aulize kama ndiyo sababu pale panaitwa Kima, kama nyama ya kusaga, na mwelekezi anatabasamu tu. Stesheni ilikuwa na jina hilo tayari usiku ule. Lakini nani atamnyima mtoto utani kama huo?

Sina shida na behewa. Ni kitu halisi, ukilishika mbao zake unashika usiku ule. Shida yangu ni hesabu. Ryall ni mtu mmoja, na ana behewa, ana tarehe, ana kaburi Nairobi lenye jiwe. Mamake alitoa zawadi ya pauni 100 kwa atakayemuua simba huyo. Miaka miwili kabla, kule Tsavo, simba wawili wasio na manyoya shingoni walikula wafanyakazi wa daraja kwa miezi tisa, hadi kazi ikasimama kwa sababu watu walirukia treni na kukimbia. John Henry Patterson, mhandisi aliyewaua Desemba 1898, aliandika kwamba Wahindi walioliwa walikuwa 28. Waafrika, alisema mwenyewe, hakuna aliyeweka rekodi yao. Baadaye akataja jumla ya 135. Mwaka wa 2009 wanasayansi walipima kemia ya nywele na mifupa ya simba hao wakakadiria watu 35 hivi. Angalia hiyo tofauti. Tunaulizia miili ya simba watu wangapi walikufa, kwa sababu makarani hawakuona haja ya kuandika.

Na hao simba wako wapi? Chicago. Patterson aliweka ngozi zao kama mazulia nyumbani kwake kwa robo karne, kisha 1924 akawauzia Field Museum kwa dola 5,000. Walijazwa wakasimamishwa, na hapo ndipo wapo mpaka leo, wadogo kuliko walivyokuwa kwa sababu ngozi za zulia zilikuwa zimekatwa kingo. Mtoto wa Voi akitaka kuona simba wa Tsavo waliokula watu wa Tsavo, anahitaji viza ya Marekani.

Jumla ya reli yote iko kwenye ripoti za serikali ya wakati huo, na huko walihesabu vizuri kidogo, angalau kwa watu waliosaini mkataba India. Karibu 32,000 waliletwa. 2,493 walikufa, wengi kwa malaria, kuhara na ajali, sio kwa simba. Zaidi ya 6,000 walirudishwa kwao wakiwa walemavu au wagonjwa. Reli ya maili 582 kutoka Mombasa hadi Kisumu, ambayo wakati huo iliitwa Port Florence, ilianza 1896 na kufika ziwani Desemba 1901. Gawanya mwenyewe: ni watu wanne na zaidi kwa kila maili. Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu, nikiwa nasoma historia, na hesabu hii hatukuwahi kuifanya darasani. Niliifanyia kwenye simu, nimekaa kwenye ngazi ya behewa.

Kitu kimoja ambacho hao watu waliacha hakiko kwenye kabati lolote la kioo, kwa sababu kiko mdomoni mwako. Gari ni neno la Kihindi. Vilevile kuli, chapati, na hiyo kima ya kwenye sambusa. Mengine yalifika pwani kwa jahazi kabla hata ya reli kuwazwa, lakini ni reli iliyoyapeleka bara yakakaa. Mtu wa Kisumu anayesema amenunua gari anaongea lugha ya wale waliolaza taruma.

Kutoka hapo mtu mwenye nauli anapaswa kuendelea mpaka Nandi Hills, kwa sababu nusu ya hadithi ya Nairobi iko kule. Wanandi walipigana na Waingereza kwa miaka kumi, 1895 hadi 1905. Waya za simu za reli waliziona ni mapambo mazuri, na bolti za reli zilifaa kufua silaha. Wazungu waliita wizi. Kwangu mimi, ukimwekea mtu chuma katikati ya malisho yake bila kumuuliza, hiyo ni kama kodi ameikusanya mwenyewe. Walikuwa na utabiri pia wa nyoka atakayepita nchi yao akitoa moshi. Kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, alikuwa Orkoiyot, na tarehe 19 Oktoba 1905 aliitwa kwenye mazungumzo ya amani. Kapteni Richard Meinertzhagen akampiga risasi hapo hapo, wakati wa kusalimiana. Reli ikapata usalama wake.

Pale Nandi Hills kuna makumbusho ya Koitalel, madogo, penye kaburi lake. Mwaka 2006 fimbo zake tatu zilirudishwa kutoka Uingereza, ambako familia ya Meinertzhagen ilikuwa imezitunza miaka yote hiyo. Ni fimbo tu, vijiti vya mtu mzima. Lakini nilipozisoma habari zake niliwaza wale simba wa Chicago. Inawezekana vitu kurudi. Mtu mmoja anaamua, anafunga mzigo, vinarudi.

Wakamba nao walikuwa na Syokimau, mwanamke mtabiri aliyeona nyoka mrefu akitoka kwenye maji makubwa kwenda maji mengine. Reli ya kisasa ilipoanza kubeba abiria 31 Mei 2017, kituo chake cha Nairobi kilijengwa pale pale panapoitwa Syokimau. Sidhani kuna mtu wa mipango aliyekaa akawaza hilo. Jina lilikuwa hapo tu likingoja.

Huko kwote ni reli kubwa. Ya mitaani ndiyo imesahaulika kabisa, na hapa ndipo nataka kukaa kidogo, maana rafiki zangu wengi wa Mombasa hawaamini nikiwaambia kwamba mji wao ulikuwa na tramu.

Ilikuwa hivi. Kabla ya serikali kuanza reli ya Uganda, Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, IBEA, ilijaribu yake. Mwaka wa 1890 wakaanza kwa sherehe kulaza reli nyembamba, ya upana wa futi mbili tu, wakaipa jina kubwa la Central African Railway. Ilifika kama maili saba ikaishia hapo. Pesa zilikwisha, kampuni yenyewe ikafa. Lakini vyuma vilikuwa tayari vimeletwa, na Mombasa haitupi kitu. Viling'olewa vikalazwa kisiwani, kutoka upande wa Mji wa Kale na Fort Jesus hadi Kilindini, na matawi yakaingia hadi kwenye milango ya ofisi na nyumba za wakubwa.

Juu yake hakukuwa na injini. Hakukuwa hata na farasi wala punda. Kulikuwa na kibenchi chenye magurudumu manne, kikiwa na kipaa cha turubai juu cha kukinga jua, na nyuma yake wanaume wa kusukuma. Ziko postikadi nyingi za wakati huo: bwana mwenye kofia nyeupe amekaa, pengine na mkewe, miembe nyuma, na wasukumaji wawili wamevaa kanzu au sare, mguu mmoja hewani. Ukiziangalia postikadi kumi mfululizo utaona kwamba uso ulio wazi daima ni wa aliyekaa. Wa anayesukuma umetikisika, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akisonga.

Gari za kukodi zilikuwepo, na za binafsi pia. Wakubwa waliokuwa na uwezo walikuwa na yao na wasukumaji wao, kama mtu leo alivyo na dereva. Ilidumu mpaka miaka ya 1920. Motokaa zikafika, riksho zikafika, reli za barabarani zikawa zinasumbua matairi, zikang'olewa. Mji mzima ulitembea kwa misuli ya watu kwa miaka karibu thelathini na ukisimama leo Treasury Square hakuna kitu cha kukuonyesha mahali chuma kilipopita.

Zanzibar walikuwa na bahati kidogo ya moshi. Mwaka wa 1905 kampuni ya Kimarekani, Arnold, Cheney, ilimaliza reli ya maili saba kutoka mjini hadi Bububu, na treni ikawa inapita katikati ya mitaa, karibu na vibaraza kiasi kwamba watu walilazimika kuondoa miguu. Ngome Kongwe, pale ambapo leo watalii wanakwenda kusikiliza taarabu na filamu za tamasha, palitumika kama karakana ya ujenzi wake. Nayo ilikufa miaka hiyo hiyo ya ishirini, kwa ugonjwa huo huo wa motokaa.

Najua Mombasa ina mambo mengi ya kulipia kabla ya tramu. Lakini injini ya Manchester inahitaji uwanja, rangi, mlinzi na mapaa. Toroli linahitaji mbao, magurudumu manne na mita ishirini za reli. Fundi yeyote wa Majengo angelitengeneza kwa wiki moja akitazama postikadi. Watoto wa shule wangekaa, wenzao wangesukuma, kisha wabadilishane. Hapo hata mwelekezi hahitajiki. Ukisukuma mwenzako mita ishirini kwenye jua la saa nane umeelewa.

Desemba iliyopita nilikuwa Mwembe Tayari, nimesimama na jamaa wa mkokoteni aliyekuwa anapumzika kivulini. Mzigo wake ulikuwa magunia ya viazi, juu mpaka usione upande wa pili. Nikamwonyesha postikadi kwenye simu. Akaichukua, akaikuza kwa vidole viwili, sio kwa yule bwana wa kofia bali chini, kwenye magurudumu.

"Hii iko juu ya reli?"

"Eeh, kaka. Mpaka Kilindini."

Akanirudishia simu, akashika vishikio vyake.

"Basi hao walikuwa na raha."